Sedani mpya ya Kimarekani: pima mifupa kabla ya kubishania sura

Swali: Mimi na wenzangu hapa Columbus, Ohio, ni wapenzi wa sedani za Kimarekani. Kila zikivuja picha za gari linalokuja tunagawanyika: huyu anasifia mbele, yule anasema nyuma pamevimba, na gari lenyewe bado limevikwa stika za mistari nyeusi na nyeupe. Likizinduliwa tunakuta halifanani na lile la maonyesho tuliloliona mwanzo. Je, mtu anaweza kujua mapema, kwa picha tu, kama gari litakuwa na umbo zuri? Kwa nini la kiwandani hubadilika? Na Dodge Charger mpya, mbona inaonekana kubwa mno?

Jibu: Unaweza kujua mapema, na kwa usahihi mkubwa kuliko mnavyodhani, ila si kwa kuangalia mnachokiangalia. Taa, bampa na shoo (wavu wa mbele wa kupitishia hewa) ndivyo vitu vinavyobishaniwa zaidi, na ndivyo vilivyo rahisi kubadilishwa. Kampuni huvibadilisha gari likiwa limeshauzwa miaka mitatu au minne, bila kugusa kitu kingine. Mahali magurudumu yalipo, mahali kioo cha mbele kinapoanzia, urefu wa paa na unene wa nguzo zinazolishika huamuliwa mwanzoni kabisa pamoja na injini na chesisi, na kuvibadilisha ni sawa na kutengeneza gari jingine. Hivyo ndivyo mifupa. Gari lenye mifupa mizuri likiwa na taa mbaya litarekebishwa. Lenye mifupa mibaya halirekebishiki hata likipewa taa za dhahabu.

Anza kwa kuchagua picha. Unahitaji ya ubavuni, iliyopigwa kwa mbali na kamera yenye lenzi ndefu. Picha ya simu iliyopigwa hatua tatu kutoka kwenye gari huvimbisha kilicho karibu: pua inakuwa kubwa, mkia unasinyaa, na mtaanza kulaumu mbunifu kwa kosa la lenzi. Kuna njia rahisi ya kuikagua. Fungua picha kwenye programu yoyote inayohesabu pikseli, pima upana wa tairi la mbele na wa tairi la nyuma. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 3 hivi, itupe. Na tairi lazima lionekane duara. Likiwa yai, mpiga picha hakusimama ubavuni.

Sasa tafuta rula, na rula yako ni tairi. Namba zilizoandikwa ubavuni mwake zinakupa kipenyo. Chukua 275/40R20: upana ni 275 mm, kimo cha ubavu ni asilimia 40 ya hiyo, yaani 110. Zidisha kwa mbili upate 220, ongeza rimu ya inchi 20 ambayo ni 508, jumla 728 mm. Ikiwa tairi hilo kwenye picha lina pikseli 182, basi kila pikseli ni 4 mm, na gari zima liko mikononi mwako. Kuna makosa mawili yanayowaponza wengi hapa. La kwanza ni kupima tairi kutoka juu hadi chini: juu limefichwa na fenda, chini limebonyezwa na uzito wa gari. Pima kutoka kushoto kwenda kulia, usawa wa kitovu. La pili ni kupima rimu ukidhani inchi 20 ndizo unazoziona. Inchi hizo huhesabiwa mahali tairi linapokalia. Ukingo wa chuma unaoonekana nje hupita hapo kwa karibu 17 mm kila upande, kwa hiyo rimu ya 508 huonekana kama 543. Ukisahau hilo, gari lako litakuwa fupi kwa asilimia 6 bila sababu. Urefu kati ya ekseli mbili ukishatangazwa, achana na tairi na utumie huo, maana kadiri rula ilivyo ndefu ndivyo kosa linavyopungua.

Kipimo ambacho watu hupenda kukitaja ni magurudumu mangapi yanaingia kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Wanasema matatu ni uzuri. Hebu tukijaribu. Chrysler 300C ya 2005 ina 3,048 mm kati ya ekseli na tairi za 225/60R18, ambazo ni karibu 727 mm. Gawanya: 4.19. Chevrolet Malibu ya 2016 ina 2,830 mm na tairi za 225/55R17, karibu 679 mm. Gawanya: 4.17. Toa moja, maana nusu gurudumu la kila upande limehesabiwa humo, na zote mbili zinaingiza magurudumu matatu na chenji kidogo! Lakini hakuna mtu mwenye macho atakayesema magari hayo mawili yana simamo moja. La kwanza limesimama kama bwana harusi, la pili linapita barabarani bila mtu kugeuka. Kipimo hicho basi kinakwambia kama magurudumu yanalingana na mwili, na hakisemi zaidi ya hapo.

Kinachotofautisha ni nafasi kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na ukingo wa mbele wa mlango wa dereva. Kama kuna kipimo kimoja tu mtakachokumbuka, kiwe hicho. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele, injini imelazwa kwa upana, gia boksi imefungwa ubavuni mwake, na difu, inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, imo humo humo upande wa nyuma. Shafti za magurudumu hutokea hapo, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria, kwa hiyo gurudumu halina budi kusogea karibu na mlango, na injini inaning'inia mbele yake. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, injini imelazwa kwa urefu na nguvu inakwenda nyuma. Magurudumu ya mbele kazi yake ni kukata kona tu, na mbunifu anaweza kuyasukuma mbele mpaka karibu na bampa. Ndipo unapopata boneti ndefu, pua fupi na gari linaloonekana kama limeinama kuondoka.

Aliyekulia Dar es Salaam amewahi kuiona tofauti hii bila kuipa jina: weka Toyota Mark X kando ya Premio. Mark X, inayosukumwa nyuma, ina kipande kirefu cha bati kati ya gurudumu la mbele na mlango. Kwenye Premio kipande hicho kimebanwa. Heshima ambayo Mark X inayo mitaani inatoka hapo kabla ya kutoka kwenye injini.

Ukitaka kuhakikisha, vuta mstari wa kufikirika kufuata nguzo ya kioo cha mbele mpaka chini. Ukiangukia kwenye kitovu cha gurudumu au nyuma yake, una mifupa ya gari la kusukumwa nyuma. Ukianguka mbele ya kitovu, kibanda cha abiria kimesogezwa mbele. Chrysler yenyewe ilifanya hivyo kwa makusudi kwenye sedani zake za 1993, Dodge Intrepid na ndugu zake, ili abiria wapate nafasi kubwa, na kwa wakati wake ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Miaka kumi na kitu baadaye Chrysler 300, iliyochorwa na timu ya mbunifu Ralph Gilles, ilipindua kila kitu: kibanda nyuma, boneti ndefu, na ubavu ambao takriban theluthi mbili ni bati na theluthi moja vioo. Jina la kampuni lilikuwa lile lile, lakini mifupa ilikuwa mingine.

Ongeza kipimo cha mwisho: toa urefu kati ya ekseli kutoka urefu wote wa gari, upate kiasi kinachoning'inia mbele na nyuma. Malibu ile ya 2016 na Cadillac CT5 ya 2020 zote zina urefu wa inchi 193.8, karibu 4,923 mm. Lakini CT5 ina 2,946 mm kati ya ekseli, Malibu 2,830. Yaani Malibu inaning'iniza 116 mm zaidi kwa urefu ule ule. Upana wa kiganja na kidogo, na jicho halihitaji rula kuuhisi.

Tuje kwenye stika. Mistari ile iliyopindapinda huua vivuli, ndiyo maana huwezi kuona kama bati limebonyea au limejaa. Haifichi umbo la nje. Wanaoficha umbo hutumia sponji na plastiki ngumu chini ya stika, na wana sehemu wanazozipenda: ukingo wa buti, nguzo ya nyuma ya paa, na pua. Mnaposema nyuma pamevimba, huenda mnahukumu sponji. Tafuta dalili: boliti au vishikizo vinavyoonekana, mkunjo unaokatika ghafla kwenye ukingo wa mlango, taa ndogo za mviringo zilizowekwa ndani ya tundu kubwa. Taa hizo ni za muda, msizijadili. Kuna pia magari ya majaribio ya mwanzo kabisa, ambapo bodi ya gari la zamani huvishwa juu ya chesisi mpya. Hilo halikuambii lolote kuhusu sura, ila urefu kati ya ekseli ni wa kweli, na ndiyo sababu fenda zake mara nyingi huonekana zimekatwa na kuungwa.

Visivyofichika ni magurudumu na nafasi yake, kilele cha paa, mstari wa chini wa vioo, mahali milango inapokatika, na mahali vioo vya pembeni vilipofungwa. Pima hivyo. Na msikatishwe tamaa na rimu: gari la majaribio mara nyingi huvaa rimu ndogo za toleo la bei ya chini, na inchi mbili zaidi za rimu hubadilisha simamo lote.

Kwa nini gari la maonyesho na la kiwandani havifanani? Sehemu ya jibu ni pesa, lakini sehemu kubwa ni sheria za Marekani, na ukizijua utaweza kutabiri nini kitaondoka. Taa kuu za mbele haziruhusiwi kuwa chini ya inchi 22 kutoka ardhini, yaani 559 mm. Bampa lazima ihimili kugongwa kwa mwendo wa maili 2.5 kwa saa bila taa wala bodi ya gari kuharibika, na jaribio hufanyika kati ya inchi 16 na 20 kutoka chini. Hapo pana haja ya mhimili wa chuma nyuma ya plastiki, na pua nyembamba kama kisu haiwezekani. Vioo vya pembeni lazima viwe vioo, kwa hiyo ukiona kamera ndogo nyembamba badala yake kwenye jukwaa la maonyesho, ziaga mapema. Taa ndogo za ubavuni, rangi ya chungwa mbele na nyekundu nyuma, ni za lazima tangu miaka ya mwisho ya 1960.

Sheria iliyoumiza zaidi umbo la sedani ni ya paa. Mwaka 2009 Marekani ilipandisha kiwango: magari mengi madogo, ambayo paa lake lilitakiwa kubeba mara moja na nusu ya uzito wa gari, sasa lazima libebe mara tatu, na yote yalitakiwa kutimiza hilo kufikia miaka ya katikati ya 2010. Kwa sedani ya kilo 1,700 hizo ni zaidi ya tani 5 zinazokandamiza upande mmoja wa paa. Nguzo zikanenepa, vioo vikapungua. Simlaumu aliyeiandika, watu hufa magari yanapobiringika. Lakini anayeuliza kwa nini sedani za leo hazina nguzo nyembamba kama za zamani, ajue jibu liko hapo.

Mara nyingine kinachotarajiwa kuondoka hubaki. Lincoln Continental ya maonyesho ilipotoka Machi 2015 New York, ilikuwa na vishikio vya milango vilivyofichwa ndani ya ukanda wa kromu chini ya vioo, kitu ambacho kwa kawaida hufia jukwaani. Gari la kuuzwa lilipooneshwa Detroit Januari 2016 vishikio vilikuwepo, vikifungua mlango kwa umeme. Sifa kwao. Lakini mifupa ilikuwa ya chesisi ya kusukumwa mbele, ya familia moja na Ford Fusion, na pamoja na 2,994 mm kati ya ekseli, gurudumu la mbele lilikaa karibu na mlango na pua ikaning'inia. Pambo lilikuwa la kifalme, simamo halikulifikia. Uzalishaji ulikoma 2020.

Sasa Charger. Nadhani macho yenu yako sahihi, tuone sababu. Ile ya zamani, iliyomaliza uzalishaji 2023, ilikuwa na urefu wa inchi 198.4, upana 75, na inchi 120.2 kati ya ekseli. Mpya, iliyozinduliwa Machi 2024, ina urefu wa inchi 206.6, upana 79.8, na inchi 121 kati ya ekseli. Angalia vizuri: gari limerefuka kwa inchi 8.2, karibu 21 cm, lakini kati ya magurudumu imeongezeka 2 cm tu. Hizo 19 zilizobaki zote zimekwenda kwenye pua na mkia. Ongeza 12 cm za upana. Ndiyo maana ukiitazama kutoka mbele imekaa chini imara, na ukiitazama ubavuni unahisi magurudumu yamepotea ndani ya mwili mkubwa. Toleo la umeme lina betri ya takriban kWh 100 chini ya sakafu. Sakafu ikipanda, kiti kinapanda, na paa linafuata: urefu wa kwenda juu umefika karibu mita 1.5.

Jambo la pili ni kwamba Charger mpya ya milango miwili na ya minne hutumia urefu ule ule kati ya ekseli na vipimo vile vile vya nje. Kwa maoni yangu hapo ndipo jibu la ubishi wenu lilipo: umbo hili ni la sedani lililovuliwa milango ya nyuma. Mlango mmoja mrefu juu ya ubavu wa zaidi ya mita tano huacha bati tupu kubwa lisilo na kitu cha kulivunja. Milango minne inapokata ubavu ule ule mahali pawili, jicho linapata hatua za kupimia na gari linaonekana la ukubwa wake halisi. Waliokasirika 2006 jina la Charger lilipopewa milango minne walikuwa na haki ya kihistoria, maana ya kwanza ya 1966 ilikuwa na miwili. Safari hii, kwa uwiano, minne ndiyo inayolikaa gari.

Pua yake inastahili sifa. Wabunifu walitaka uso wa mraba wa Charger ya 1968, na uso wa mraba ni ukuta dhidi ya upepo. Kwenye toleo la umeme wakatoboa: juu ya mbele kuna bawa, hewa inaingia chini yake na kutokea juu ya boneti. Kwa hiyo ukiitazama kwa mbali unaona pua ya zamani, na upepo unapata njia. Toleo la petroli lenye injini ya silinda sita halina bawa hilo. Injini inahitaji nafasi na hewa ya kupoza, boneti imefungwa na kuinuliwa. Mkilinganisha picha mbili na kusema moja imechorwa vibaya, hakikisheni kwanza ni toleo gani.

Kuhusu nyuma nitasema machache, kwa kuwa picha za stika ndipo zinapodanganya zaidi. Tazameni pale kioo cha mlango wa nyuma kinapoishia. Kioo cha kushuka hakiwezi kupita mahali fenda ya gurudumu inapokata mlango, kwa hiyo paa likivutwa nyuma sana, kipande kilichobaki hujazwa na kitu. CT5 ilijaza nguzo yake kwa plastiki nyeusi inayong'aa, na wapenzi wa Cadillac waliilalamikia tangu siku ya kwanza, kwa haki: kwenye gari jeusi haionekani, kwenye jeupe inaonekana kama kiraka. Mkiona kwenye picha stika imebandikwa hadi kwenye pembetatu hiyo, ulizeni chini yake ni kioo, bati au plastiki. Kioo ndicho ghali, na ndicho kizuri.

Likishavuliwa stika, msilihukumu kwa picha za rangi nyeusi wala za studio. Subirini la rangi ya fedha au kijivu lililopigwa nje asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Fuateni mwanga unavyotembea kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Ukienda bila kukatika wala kuvimba kwenye maungio ya milango, bati limechorwa vizuri. Na tafuteni toleo la bei ya chini, lenye rimu ndogo na plastiki isiyopakwa rangi, kwa sababu ndilo mtakalolikuta kwenye maegesho ya Columbus kila siku.